Shajara ya mradi: kulainisha injini ya CG 125 baada ya kuvishwa blok na pistoni mpya

Kilichopo mezani

Injini ni CG 125, ile ya pushrodi ambayo Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 kwa nchi zenye barabara mbovu na matunzo haba, na ambayo viwanda vya China vinaendelea kuitengeneza kwa majina mengi. Kipenyo cha blok (silinda) ni milimita 56.5, mwendo wa pistoni ni milimita 49.5, ujazo wake sentimita za ujazo 124. Haina cheni ya timing. Kemshafti inazungushwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krenki, na roka zinazofungua valvu zinasukumwa na vijiti viwili, ndizo pushrodi. Hilo litakuwa na maana kubwa tukifika kilomita ya 47.

Pikipiki ni ya bodaboda, mjini Morogoro. Ilikuwa inapiga moshi wa bluu na kula oili. Imepewa blok mpya, pistoni ya saizi ya kawaida, ringi, pini na klipu zake, sili za valvu na gasketi zote za juu. Valvu zenyewe bado nzima, zimesagwa tu kwenye viti vyake. Konirodi haina mchezo wa juu na chini, kwa hiyo krenki na gia hazikuguswa. Odometa inasoma 38,412. Hapo ndipo shajara hii inapoanza kuhesabu, kama kilomita 0.

Kulainisha ni kuizoesha kazi injini yenye vifaa vipya, kidogo kidogo. Lengo ni ringi zikae. Blok mpya ina michirizi midogo iliyopishana kama wavu, iliyoachwa na mawe ya kusugulia. Vilele vya michirizi hiyo vinasugua uso wa ringi mpaka vilingane, na mabonde yake yanashika oili. Ila ringi haibanwi kwenye ukuta wa blok kwa springi yake peke yake, maana nguvu ya springi ni ndogo. Inabanwa na gesi ya mlipuko inayopenya nyuma yake ndani ya mfereji wa pistoni. Injini isipopewa kazi, gesi hiyo ni dhaifu, ringi inateleza juu ya oili, oili inaungua na kuacha utando, na blok inang'aa kama kioo. Ikishang'aa hivyo, ringi hazikai tena mpaka blok itolewe na kusuguliwa upya. Upande wa pili, resi kubwa au joto la muda mrefu linafanya vilele hivyo vichubuke na pistoni inoke, yaani ikwame kwenye blok. Kazi yote ya kulainisha ni kupita katikati ya hatari hizo mbili.

Siku ya 1: kufunga

Blok mpya haifungwi kama ilivyotoka kwenye boksi. Unga wa jiwe la kusugulia unabaki ndani ya michirizi, na petroli haiutoi. Inaondoa grisi na kuuacha unga palepale. Tulitumia maji ya moto, sabuni ya unga na brashi, mara tatu. Kipimo ni kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kilipopitishwa mara ya kwanza kilitoka na rangi ya kijivu kama majivu ya mkaa, mara ya pili kijivu hafifu, mara ya tatu kilitoka cheupe. Hapo hapo blok ikapakwa oili, kwa sababu chuma kilichooshwa kwa maji ya moto kinaanza kutu kabla hujamaliza kupanga spana.

Ringi zilisukumwa moja moja ndani ya blok kwa kichwa cha pistoni ili zilale sawa, kina cha milimita 20, kisha pengo kati ya ncha zake likapimwa kwa fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ya juu milimita 0.25, ya pili 0.30. Kiwango kinachokubalika ni 0.15 hadi 0.35. Pengo likiwa chini ya hapo ncha za ringi zitagusana zikipata joto, ringi itakosa pa kwenda na itachuna blok. Inabidi kupiga tupa kidogo kidogo. Fila ya 0.05 haikupita kati ya sketi ya pistoni na blok, na ndivyo inavyotakiwa.

Mapengo ya ringi yamegawanywa kwa duara, theluthi moja moja, ili yasipangane mstari mmoja. Herufi iliyochapwa kwenye ringi inatazama juu. Maandishi IN kwenye kichwa cha pistoni yanatazama nyuma, upande wa kabureta. Klipu za pini ni mpya, na uwazi wake haukupangwa na kijishimo cha kutolea klipu. Klipu ya zamani ni shilingi chache ulizookoa na blok nzima utakayoipoteza ikichomoka.

Oili ndani ya blok ni ya kupaka kwa kidole, utando mwembamba tu. Wapo mafundi wanaoloweka ringi kwenye oili nzito au kupaka grisi. Hilo linanyima ringi ule msuguano zinaouhitaji siku ya kwanza, na grisi ikiungua inaacha makaa ndani ya mifereji.

Nati nne za hedi zilikazwa kwa kupishana kona, raundi ya kwanza Newton mita 10, ya pili 20. Tapeti zote mbili, yaani nafasi kati ya roka na valvu, milimita 0.08, injini ikiwa baridi, alama ya T ya sumaku ikiwa imelingana na roka zote zikiwa huru.

Oili ni lita moja kasoro kidogo, 20W-50 ya madini yenye alama ya JASO MA, ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Sintetiki inaweza kusubiri. Oili ya gari ya kubana matumizi ya mafuta haifai kabisa, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea humo humo na dawa za kupunguza msuguano zinaifanya iteleze. Kwenye injini hii kijiti cha oili kinachomekwa bila kukikaza nyuzi. Ukikikaza kitasoma juu kuliko hali halisi na utaendesha na oili pungufu.

Plagi ilitolewa, kava la roka likaachwa wazi, na kiki ikapigwa bila kuwasha hadi oili ilipoonekana ikichuruzika kwenye roka. Ilichukua kiki 40 hivi. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayookoa roka zisikauke dakika ya kwanza.

Siku ya 2: kuwasha

Plagi D8EA, pengo 0.7. Kabureta ilisafishwa na klipu ya sindano ikashushwa ngazi moja ili mchanganyiko uwe na petroli zaidi kidogo. Injini iliyokaza inapata joto haraka na petroli inasaidia kuipoza. Petroli ni tupu. Kuchanganya kijiko cha oili kwenye tangi la injini ya mipigo minne hakuna faida, kunazidisha makaa tu.

Iliwaka kiki ya tatu. Moshi mweupe na harufu ya oili iliyopakwa ulionekana kwa dakika moja hivi, ukaisha. Silensi, yaani mzunguko wa injini bila kuvuta mafuta, iliwekwa juu kidogo, kama mizunguko 1,600 kwa dakika, kwa dakika mbili, muda wa kukagua uvujaji kwenye gasketi ya chini ya blok, kwenye kava la roka na kwenye bolti ya oili. Kisha ikazimwa ikaachwa ipoe kabisa. Ikawashwa tena dakika tatu, ikazimwa, ikapoa.

Tunasisitiza hapa kwa sababu desturi ya mtaani ni kinyume. Injini iliyofungwa upya huachwa ikinguruma silensi saa mbili au tatu, wengine mchana kutwa, kwa imani kwamba inajilainisha yenyewe. Injini ya kupozwa kwa upepo ikisimama mahali pamoja haina upepo. Na ikiwa silensi haina kazi, kwa hiyo gesi haibani ringi. Unapata joto lote na faida hupati. Dakika tano zinatosha kujua kama haivuji. Baada ya hapo inatakiwa barabara.

Kilomita 0 hadi 18

Saa moja asubuhi, hewa ikiwa ya baridi, dereva mmoja mwepesi bila abiria. Dakika tano za kwanza mwendo wa kawaida wa gia ya pili na ya tatu ili injini ipate moto sawasawa.

Kisha kazi yenyewe. Gia ya tatu kutoka 25 hadi 40 kwa saa, mafuta yakivutwa nusu na baadaye robo tatu. Halafu mkono unaachia kabisa, injini inazuia pikipiki yenyewe hadi 25, bila breki na bila klachi. Mara kumi. Halafu gia ya nne kutoka 35 hadi 50, hivyo hivyo, mara kumi. Kwa sproketi za pikipiki hii, kasi hizo zinaiweka injini chini ya mizunguko 5,600 kwa dakika.

Kuvuta kunabana ringi. Kuachia kuna kazi yake: kabureta ikifungwa pistoni inanyonya utupu, oili inapanda kidogo hadi kwenye ringi, inapoza na kuondoa unga wa chuma uliotoka kwenye kusuguana. Dereva anayevuta bila kuachia amefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ndiyo yenye joto.

Kila baada ya mara tano pikipiki ilitembea kilomita moja mwendo wa pole ili upepo uipoze. Joto lilipimwa kwa kipimajoto cha miale kwenye fini ya hedi. Fini ya alumini inayong'aa inadanganya kipimo hiki na kusoma chini, kwa hiyo tulipaka nukta ya rangi nyeusi ya exozi, kipenyo kama sarafu, na kupima hapo tu. Juu kabisa ilisoma nyuzi 138.

Kilomita 18: oili ya kwanza

Imemwagwa ikiwa ya moto. Kilomita 18 tu, na kwa mwenye pikipiki inaonekana ni kumwaga pesa. Tulimimina vijiko viwili vya oili hiyo kwenye sahani nyeupe ya bati na kuiinamisha juani. Ilikuwa na rangi ya fedha, ikimeremeta kama rangi ya gari ya metali. Sumaku iliyopitishwa chini ya sahani ilivuta mistari myembamba ya unga mweusi. Kilichobaki kinameremeta bila kufuata sumaku ni alumini ya pistoni. Unga laini kiasi hiki ni wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho, nyuzi zilizojikunja au rangi ya shaba, hapo injini inafunguliwa, haiendelei.

Unga huo ndio sababu ya kumwaga mapema. CG haina filta ya karatasi. Ina wavu na chujio la kuzunguka lililo kwenye ncha ya krenki, nyuma ya kava la kulia. Chembe ndogo zinabaki kwenye mzunguko hadi zikamatwe huko, na kabla ya kukamatwa zinapita kwenye biringi. Wavu ulikuwa na nyuzi mbili za gasketi, basi.

Kompresheni ikiwa ya moto, mafuta yamefunguliwa mwisho: psi 150. Oili mpya, aina ile ile.

Kilomita 47: tapeti ya exozi imekaza

Dalili ilianza kilomita ya 40. Ikiwa baridi inawaka kiki ya kwanza. Ikiwa ya moto inahitaji kiki sita au saba, silensi inayumba, na exozi inapiga vipopo vidogo mkono ukiachia. Kompresheni ya moto ilikuwa imeshuka hadi 120. Ukiona hivyo ni rahisi kusema ringi zimekataa na kuitoa blok nje. Subiri kwanza.

Injini iliachwa ipoe usiku kucha. Asubuhi tapeti ya kuingiza ilisoma 0.05. Ya exozi fila ya 0.04 haikuingia kabisa.

Sababu ni maumbile ya injini yenyewe. Gasketi mpya za hedi na za chini ya blok zinapopata joto mara chache zinabanwa na kupungua unene. Hedi inashuka chini kidogo, lakini kemshafti iko palepale ndani ya karkasi (nyumba ya krenki) na pushrodi haijapungua urefu. Kwa hiyo pushrodi inakuwa kama imerefuka, inaisukuma roka, na nafasi inaisha. Tena valvu zilizosagwa zinazama kidogo kwenye viti vyake na ncha zake zinapanda kuifuata roka. Mambo yote mawili yanaelekea upande mmoja. Injini ikiwa baridi valvu bado inafunga. Ikipata moto shina la valvu ya exozi linarefuka na haifungi tena. Hapo gesi inavuja na kuunguza ukingo wa valvu. Ingeachwa hivyo wiki mbili, mwenye pikipiki angenunua valvu na kiti chake.

Nati za hedi zilirudiwa ikiwa baridi, moja moja, kwa Newton mita 20 ile ile. Nati mbili za upande wa exozi zilizunguka karibu moja ya nane ya duara kabla ya kufika. Baada ya nati ndipo tapeti, kamwe si kabla, maana kukaza nati kunabadilisha tapeti. Zote 0.08. Kompresheni ikarudi 155 na uwashaji wa moto ukawa kiki moja.

Kwa hiyo kwenye CG iliyofunguliwa juu, weka ukaguzi wa nati na tapeti ndani ya kilomita 50 za kwanza. Tapeti inayolia kidogo haina hatari kubwa. Iliyonyamaza kabisa siku ya pili ndiyo ya kuiogopa.

Kilomita 50 hadi 300

Pikipiki imerudi kazini na masharti. Abiria mmoja tu, mishikaki (abiria wawili au zaidi) hapana, magunia hapana. Isizidi 60 gia ya mwisho. Isikae kasi moja zaidi ya dakika tatu au nne: ipande, ishuke, ibadilishe gia. Safari za mjini za Msamvu na Kihonda zinafaa kwa hilo kuliko barabara ndefu iliyonyooka. Mafuta yote mpaka mwisho hapana, ila kwa sekunde chache kwenye kupita gari.

Sharti lililo gumu kulitii ni la kuikokota injini. Madereva wengi wanapanda mlima na gia ya tano kwa 30 kwa saa wakidhani wanaipumzisha. Injini inagongagonga, mlipuko ni mzito na mizunguko ni michache, oili haijengi utando wa kutosha kwenye sketi ya pistoni na kwenye ncha ya konirodi. Gia ya tatu yenye mizunguko 4,000 ni starehe kwa injini hii kuliko gia ya tano yenye 2,500.

Kilomita ya 210 resi ilianza kupanda yenyewe ikiwa ya moto. Bolti za shingo ya kabureta zilikuwa zimelegea robo mzunguko, hewa ya pembeni inaingia. Zimekazwa. Hewa hiyo inapunguza petroli kwenye mchanganyiko na joto linapanda, na kwenye injini mpya hilo halisubiri kesho.

Kilomita 300

Oili ya pili. Kwenye sahani bado inameremeta, lakini lazima uinamishe juani ndipo uone. Kiwango kwenye kijiti kilishuka kwa mililita 60 tangu kilomita 18, tulizopima kwa bomba la sindano wakati wa kujazia. Ringi zinaendelea kukaa, kiasi hicho hakitishi. Mdomo wa hosi ya kupumulia ya karkasi hautoi moshi ukiweka kiganja. Kompresheni 165. Klipu ya sindano ya kabureta imerudishwa ngazi yake ya kati, silensi 1,400.

Plagi: kauri ya rangi ya chai ya maziwa, ukingo mkavu, hakuna weusi wa oili.

Kilomita 512

Oili ya tatu, na safari hii kava la kulia lilifunguliwa. Kiki na klachi havikusumbua; kinachosumbua ni gasketi, usiifungue bila mpya mkononi. Skrubu tatu za kifuniko cha chujio la kuzunguka zilitoka kwa bisibisi ya kugonga. Ndani, ukutani mwa bakuli, kulikuwa na tabaka la tope la kijivu lenye unene wa kama milimita moja, gumu kidogo kama sabuni iliyokauka. Lilifutwa kwa kitambaa kilicholowa petroli, bila brashi ya waya, na tundu la oili katikati likazibwa kwa kidole wakati wa kufuta ili tope lisiingie kwenye krenki.

Tapeti 0.08 na 0.07, ya exozi imerudishwa 0.08. Nati za hedi hazikusogea. Oili iliyopotea kutoka 300 hadi hapa ni mililita 20. Kompresheni 170. Cheni imekazwa, mchezo milimita 20.

Kasi imeruhusiwa hadi 75, na mzigo wa kawaida. Mafuta mpaka mwisho kwa vipindi vifupi, sekunde kumi hivi, kisha kuachia.

Kilomita 1,004

Oili ya nne. Kwenye sahani ni ya kahawia, haimeremeti. Kijiti hakikushuka kiasi cha kupimika tangu 512. Kompresheni 172, tofauti ya psi 2 tu, kwa hiyo ringi zimekaa. Joto kwenye nukta nyeusi baada ya mwendo wa Msamvu hadi Mzumbe kwa 60 kwa saa lilisoma nyuzi 124, chini ya kilele cha kilomita 18 za kwanza ingawa safari ilikuwa ya saa tano asubuhi na jua limeshawaka.

Masharti ya kasi na mzigo yameondolewa. Kutoka hapa oili inamwagwa kila kilomita 1,500, tapeti zinapimwa kila oili ya pili, na bakuli la chujio linafunguliwa tena kilomita ya 6,000.